Masikio Hayakondi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamepokelewa katika kituo kidogo cha polisi, lango la soko, Jumapili tarehe kumi na tano, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi.

Jina: lipo kwenye jalada. Nyumbani na mtaani huitwa Nong'ona.
Umri: miaka kumi na minane.
Kazi: bado. Amemaliza shule mwaka huu, anasubiri matokeo.
Makazi: vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, pamoja na baba na mama.
Uhusiano na mtuhumiwa: si ndugu wa damu. Humwita Baba Mdogo.

Mimi niliyetajwa hapo juu ninaandika maelezo haya kwa mkono wangu. Afande wa zamu alianza kuniandikia, akaniomba nipaze sauti, akaniomba tena, kisha akasukuma karatasi upande wangu wa meza akasema, "Mwanangu, hata kalamu haikusikii. Andika mwenyewe." Ninamshukuru kwa hilo. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa, nami nimeelewa.

Baba yangu ni mwandika vibao. Kibao cha duka la dawa mkabala na kituo hiki ni kazi yake. Hata neno POLISI lililo juu ya mlango huu aliliandika yeye, isipokuwa herufi ya S, ambayo mvua iliiharibu ikarudiwa na mtuhumiwa. Mtuhumiwa ndiye mwenzake wa kazi tangu kabla sijazaliwa. Watu humwita Chokaa kwa sababu mvi zilimwahi.

Kazi yao hufanywa na watu wawili. Mmoja hupanda ngazi na kuandika, mwingine husimama chini akiishika. Kesho yake hubadilishana. Malipo ni nusu kwa nusu, na aliyeshika ngazi haulizwi amefanya nini, hata kama alisinzia akiwa ameishika. Nimeeleza hili mapema kwa sababu linahusika mbele.

Mwanzoni mwa mwaka huu baba alianza kukojoa mkojo mwekundu. Hakumwambia mtu kwa muda. Alipokuja kusema, alisema ni rangi imemwingia mwilini kwa kuvuta harufu yake miaka yote hiyo, akaacha kabisa kutumia rangi nyekundu. Muuza nyama aliandikiwa kibao cha kijani, akaja kulalamika kwamba watu wanaingia dukani kuulizia mboga. Tulicheka sana nyumbani, na baba alicheka kutuzidi. Mkojo haukubadilika.

Mwezi wa tano ubavu wa kushoto ulianza kumuuma hata hakuweza kuinua mkono juu ya bega. Mama alimpeleka hospitali kuu, nami nilikwenda nao kwa sababu mimi ndiye ninayesoma karatasi. Baada ya vipimo daktari alituambia kuna uvimbe kwenye figo ya kushoto, ni saratani, na haujatoka nje ya figo. Alisema figo hiyo itolewe mapema, na kwamba mtu huishi vizuri na figo moja. Baba akamuuliza, "Kwani daktari, hizo mbili nilikuwa nazitumia zote?" Daktari alicheka. Mama hakucheka.

Gharama tuliyoandikiwa imo kwenye jalada, kwa hiyo sitairudia hapa. Nitasema tu kwamba mama aliponisikia nikiisoma alichukua karatasi, akatazama jina lililo juu, labda wametupa ya mtu mwingine.

Dirisha la malipo lilituelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Ofisi yake ni chumba kidogo chenye mlango usiofunga sawasawa, kwa hiyo huongea akiwa ameuzuia kwa mguu. Alimuuliza baba, "Una bima?"

Baba akajibu, "Nilikuwa nasubiri nipate kazi kubwa kwanza."

"Una mali?"

"Ngazi. Na brashi."

"Una watu?"

"Nina mke, na huyu binti."

"Mzee wangu, nimekuuliza watu."

Baba akasema ataiuza ngazi. Yule afisa alimtazama akamwambia, "Usiuze ngazi. Ukiiuza, ukapona, utakuja kufanya nini?" Akatueleza taratibu, na aliponiona ninaandika kwenye kiganja akanipa kipande cha karatasi. Hospitali inaweza kutusamehe kitanda na chumba cha upasuaji, baada ya yeye kuja kuona tunavyoishi. Dawa na vipimo havisamehewi. Kwa gharama hizo kipo chama cha wagonjwa wa figo, ambacho hulipa nusu. Nusu nyingine lazima itoke kwa watu wanaomzunguka mgonjwa, kidogo kidogo na mbele ya macho ya watu, na kopo la michango lifunguliwe mbele ya karani wa chama. Nilimuuliza kwa nini, akainama kunisikia. Alisema chama kimejifunza kwamba mgonjwa mwenye watu hakosi kliniki, kwa sababu watu humfuata hadi mlangoni kumuuliza anaendeleaje.

Njiani kurudi baba alisema, "Mimi sitembezi bakuli. Nimeandika majina ya watu kuta zote za mji huu, langu halijawahi kuwa ukutani. Halitaanza kwa kuomba." Alimkataza mama asimwambie mtu yeyote, na hasa Chokaa.

Kesho yake mama alikuwa anakamua nguo. Akaniambia bila kunitazama, "Baba yako amenikataza mimi. Wewe amekukataza?"

Nikasema hapana.

"Basi nenda."

Nilimkuta Baba Mdogo Chokaa kwenye kibanda chao akichanganya rangi. Nilisimama mlangoni kwa muda. Ananijua, kwa hiyo hakuniharakisha. Alisema tu, "Leo Nong'ona amekuja na habari nzito, maana naona mdomo unafunguka hautoi kitu." Nikamwambia. Aliweka kijiti chini. Akaanza kusema, "Mficha maradhi, kifo..." akajiziba mdomo kwa mkono wenye rangi, na rangi ya buluu ikambaki usoni muda wote tuliozungumza. Akasema, "Kaka kaniambia amejitegua kwa kulala vibaya. Mwezi mzima ninapanda ngazi peke yangu namwambia pole ya kujitegua." Kisha akauliza, "Shemeji anasemaje?" Nikamwambia mama ndiye aliyenituma. Akasema, "Basi tumepata idhini ya serikali."

Nilimwambia siwezi kuwaomba watu. Nilijaribu kwa jirani mmoja, nikaishia kumuuliza kama ana chumvi. Aliniambia, "Nani kakwambia uombe? Ubao utasema. Wewe utashika kopo." Alikwenda kwa mwenyekiti wa soko, akaruhusiwa kuusimamisha kando ya lango. Mwenyekiti anaweza kuulizwa akirudi, maana tangu Ijumaa amesafiri kwenye msiba.

Alichora ubao huo kwa siku mbili, nami nilikuwepo. Alimchora baba kwa kumbukumbu. Maneno aliyoandika ni haya: HUYU NI MWENZETU. FIGO YAKE INA SARATANI, INATAKIWA KUTOLEWA. TUMSHIKIE NGAZI. Picha ilikuwa nzuri sana, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Katika kazi yao mteja hachorwi alivyo, huchorwa kama anavyojipenda. Kinyozi wa pale kona ana upara, lakini kwenye kibao chake ana nywele za kutosha watu wawili. Chokaa alimchora baba wa zamani, mwenye mashavu, shingo nene na kicheko. Baba wa sasa hana hata kimoja cha hivyo. Nilimwambia, "Baba Mdogo, hayuko hivi." Akajibu, "Najua. Mkono umekataa kumpunguza." Kisha akachora masikio, taratibu kuliko vyote. Sikio la kushoto la baba lina pengo juu, msumari wa kibao uliwahi kulichana. Alilichora pengo hilo jinsi lilivyo. Akasema, "Mashavu ni yangu, nimemkopesha. Masikio ni yake. Masikio hayakondi."

Kopo alilifunga kwa kufuli na kutoboa juu. Ufunguo alimpa mama siku hiyo hiyo, mbele yangu. Alisema, "Shemeji, mimi rafiki zangu ni wengi na kiu yangu ni kubwa. Kaa nao wewe." Ninaomba iandikwe kwamba mtuhumiwa hajawahi kuwa na ufunguo wa kopo hilo.

Tulikaa langoni kwa zamu kuanzia Jumatatu iliyopita. Zamu yangu ilikuwa ya jioni. Watu walisoma, wakatia. Sikulazimika kusema zaidi ya asante, na wengi walikuwa wamekwisha kupita kabla haijatoka. Mlalamikaji, ambaye sote tunamwita Mama Viatu kwa sababu huuza viatu vya mitumba mkabala na lango, alitia kila siku kabla ya kufunga kibanda chake. Kila akitia alisema, "Hii ya marehemu." Mume wake alifariki kwa maradhi ya figo na alimuuguza mwenyewe. Siku ya pili alimuuliza Chokaa, "Huyu mgonjwa mbona ana mashavu kama ameoa jana?" Chokaa akamwambia, "Mama, ndivyo atakavyokuwa akipona." Akacheka, lakini aliitazama picha ile kwa muda. Sina ubaya naye. Ninaandika hivyo kwa sababu jana alilia.

Mnamo Jumamosi tarehe kumi na nne, yapata saa kumi jioni, nilikuwa nimeshika kopo na Chokaa alikuwa amechuchumaa akiondoa vumbi kwenye ubao kwa kitambaa. Baba alitokea upande wa barabara. Hatukumtarajia, kwa sababu siku hizi hatoki. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anamtafuta Chokaa ili amuuzie ngazi. Alikuwa amevaa koti lake la zamani, ambalo sasa linamtosha yeye na mtu mwingine. Alisimama mbele ya ubao akajitazama. Kisha akaniona mimi na kopo.

Alimwambia Chokaa kwa sauti ya chini, "Futa."

Chokaa alisimama. "Kaka, nisikilize kwanza."

"Futa, nimesema. Huyu si mimi."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa nguvu. Sijawahi kumsikia baba akipaza sauti mbele za watu. Wote waliokuwa karibu waligeuka. Baba aliondoka kupitia njia ya wauza mboga, na hakuangalia nyuma.

Mama Viatu alikuja mbio akiwa bado ana kiatu kimoja mkononi. Alisema, "Mmesikia? Mtu kaja, kajitazama, kasema si yeye! Nilijua mimi. Mgonjwa wa figo namjua, nimemlisha kwa kijiko, nimembeba mgongoni. Hana mashavu haya! Mmekula hela ya marehemu wangu!" Akamshika Chokaa ukosi. Watu walijaa. Mmoja alisema, "Kama mgonjwa yupo, tuonyeshe." Wengine wakaitikia, "Tuonyeshe! Yuko wapi?"

Hapa ninaandika nilichokiona kwa macho yangu. Baba alikuwa hajafika mbali. Mgongo wa koti lake ulikuwa bado unaonekana kati ya vikapu vya nyanya. Chokaa alitazama upande huo. Angeinua kidole tu mambo yangeisha. Aliutazama ule mgongo, kisha akatazama viatu vyake, akasema, "Sina wa kuwaonyesha." Mtu mmoja akampiga kofi. Hakujitetea.

Mimi nilisema, "Ni baba yangu." Nilisema, afande. Mwanamume aliyekuwa karibu nami aliuliza, "We binti, unasemaje?" Nikajaribu tena, kelele za watu zikanifunika. Wakauweka ubao na kopo kwenye mkokoteni wakaleta hapa, na Chokaa wakamleta kwa miguu. Kitu pekee alichoomba njiani ni ubao ulazwe uso ukiwa juu, usikwaruzike.

Nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa ameketi kando ya ukuta, pale ngazi yake inapolazwa. Mama alikuwa anamfokea kwa kutoka bila kuaga. Nikasema, "Baba, Chokaa yuko kituoni." Mama anasema nilisema kwa sauti hadi seremala akazima mashine. Mimi sikumbuki.

Baba akauliza, "Amefanya nini?"

"Wanasema ni mwizi. Wanasema mgonjwa hayupo. Wewe umesema si wewe."

Baba akauliza, "Yeye amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Hakunitaja?"

"Alikuona ukienda, Baba. Walimwambia aonyeshe. Akatazama viatu vyake."

Baba aliweka mkono juu ya ngazi. Akasema, "Kumbe muda wote alikuwa ameishika." Hakusema zaidi. Alijaribu kusimama aje hapa jana hiyo hiyo, mama akamkalisha kwa kidole kimoja. Kwa hilo afande anaweza kujua hali yake. Alisema atakuja leo hata kwa kutambaa. Mama alinivua kiatu changu kilichopasuka akanipa chake, akanivisha ufunguo shingoni, akaniambia nitangulie.

Nilipofika hapa asubuhi niliruhusiwa kumwona mtuhumiwa kupitia nondo. Shavu lake limevimba. Aliniuliza, "Kaka amekula?" Nikasema kidogo. Akasema, "Mwambie na mimi nimepata shavu moja. Bado moja tulingane na picha." Nilishindwa kucheka, akasema si kitu, nitacheka nikifika nyumbani.

Ufunguo wa kopo ninaukabidhi pamoja na karatasi hii. Ninaomba mgonjwa akifika alinganishwe na ubao kwa masikio, si kwa mashavu. Ninaomba pia ifahamike kwamba kopo lina kazi. Kesho Jumatatu linatakiwa kufunguliwa mbele ya karani wa chama, na kitanda cha baba kimewekwa Jumatano. Kopo likibaki hapa kama kielelezo, chama hakitatoa nusu yake, na kitanda atapewa mwingine. Mwingine huyo naye anaumwa, simlaumu. Lakini ningependa awe baba yangu.

Kama kosa ni picha kutofanana na mtu, basi kosa hilo lilitokana na kumpenda, na mimi nilikuwepo likitendeka. Jana niliulizwa ninasemaje na sikusikika. Leo jibu langu ndilo hili, nimeliandika bila kulazimishwa na mtu, na kila lililomo nililiona au nililisikia mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAANDISHI YA AFISA ALIYEPOKEA

Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu. Nimemsomea, amekubali kwa kutikisa kichwa.

Saa nne kasorobo alifika mwanamume aliyeshikwa mkono na mkewe, akiwa na vyeti vya hospitali. Nilimsimamisha kando ya kielelezo namba mbili, yaani ubao. Mashavu hayafanani. Shingo haifanani. Masikio ni yale yale, na pengo la sikio la kushoto lipo. Alipoulizwa kwa nini jana alikana, alisema, "Niliona haya, afande. Na nilimwonea wivu yule wa kwenye ubao."

Mtuhumiwa alitolewa mahabusu. Hawakusalimiana. Mgonjwa alimtazama shavu, akamwambia, "Aliyekuchora hajui kazi." Mtuhumiwa akajibu, "Alikuwa hana mtu wa kumshikia ngazi." Baada ya hapo wote wawili walihitaji viti. Mtuhumiwa alijitolea kupunguza mashavu ya kwenye ubao ili yasilete utata tena. Mgonjwa alikataa. Alisema yaachwe hapo hapo, ndiyo anayoyafuata hospitali.

Mlalamikaji aliitwa, akamtazama mgonjwa kwa karibu, akafuta malalamiko. Aliomba radhi, kisha akamfokea mgonjwa kwa kutembea bila soksi. Mtuhumiwa ameachiwa huru na hataki shauri juu ya kofi.

Kielelezo namba moja, kopo lililofungwa kwa kufuli, kilipimwa kwenye mizani ya duka la jirani wakati wa kupokelewa, kwa kuwa hakikuweza kufunguliwa. Kimerudishwa leo kwa familia kikiwa kizito kuliko kilivyoingia. Tangu kilipopokelewa kilikuwa juu ya meza ya mapokezi, chini ya uangalizi wa askari wote wa zamu. Mlalamikaji amekiri sehemu yake. Kuhusu sehemu iliyobaki, hakuna askari aliyekuwa tayari kuandika maelezo, nami nikiwemo.

Jalada limefungwa.